Usawa Ujengwe Darasani, Si Kwenye Alama

Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 nchini Tanzania yalipotangazwa, takribani watahiniwa 6 katika kila 10 walikuwa wamepata divisheni ziro. Wazazi walipigwa butwaa. Waziri Mkuu aliunda tume, na Mei serikali ikafuta matokeo hayo na kuagiza yakokotolewe upya. Oktoba, wizara ikaja na viwango vipya: C ikaanzia alama 40, na ikatangazwa kwamba divisheni ziro sasa ingeitwa divisheni five. Baadaye ukaja mfumo wa GPA, yaani wastani wa alama, hadi tuliporejea kwenye divisheni mwaka 2016.

Waliotetea kulegeza viwango walikuwa na hoja. Shule za kata zilijengwa haraka kuliko walimu walivyopatikana. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba alifika kidato cha kwanza akakuta karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Wapo walioingia mtihani wa kemia hawajawahi kushika bureti, wakapimwa sawa na wenzao wenye maabara kamili. Kumwambia mtoto huyo kwamba amefeli, na shule yake isiulizwe lolote, ni kumwonea.

Hata hivyo, alama zilizolegezwa hazikumpelekea mwalimu wala bureti. Zilipunguza aibu ya wakubwa tu. Tena mtoto wa mwenye nacho ana tuisheni, ana mjomba ofisini; mtoto wa mkulima hana wa kumsemea isipokuwa cheti. Karatasi yake ya majibu haina jina la baba wala la kijiji, ina namba ya mtahiniwa, na msahihishaji hamjui. Cheti hicho kikikosa kuaminika, waajiri watauliza umesoma shule gani na nani anakufahamu. Hapo maskini hana chake.

Naunga mkono uamuzi wa Baraza la Mitihani (NECTA) wa Januari 2023 kuacha kutangaza shule kumi bora, kwa kuwa orodha ile ilipima pia mifuko ya wazazi. Lakini tusiishie hapo. Matokeo yanapotoka, wizara ichapishe kando ya ufaulu wa kila shule idadi ya walimu wake wa hisabati na sayansi, hali ya maabara na wingi wa wanafunzi darasani. Kipimo kibaki kimoja kwa watoto wote, na anayempeleka mtoto kwenye mtihani bila kumpa mwalimu atakiwe kujieleza hadharani.