Meza Huchaguliwa Kabla ya Karata

Katika kamari zote zilizoingia majumbani mwa watu kwa njia ya simu na intaneti, mchezo wa karata uitwao poka ndio unaosifiwa kuwa si wa bahati tu, bali ni wa akili. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo inastahili kuchunguzwa. Maana akili inayosemwa, aghalabu, haitumiki pale mtu anapozitazama karata zake. Imekwisha kutumika kabla, wakati wa kuamua akae meza gani, na katika meza hiyo akae kiti gani. Mjuzi wa kazi hii haji mezani kushindana na mgeni. Amekuja kuvua, na mgeni ndiye samaki. Jina hilo la samaki si letu; wacheza poka wenyewe ndilo wamwitalo mtu asiyejua kucheza.

Hatuandiki haya kumfundisha mtu kamari. Dini za watu wetu zimekwisha kulisema neno lao juu ya jambo hilo, wala gazeti halina la kuongeza. Twaandika kwa kuwa vijana wetu wanazo simu mikononi na meza hizo zi wazi usiku na mchana, na kwa kuwa visiwa vidogo duniani, kimoja baada ya kingine, vimekuwa vikiombwa kuzipa leseni kampuni zenye meza hizo. Mwananchi anayeketi na mkuu wa Serikali anayetia sahihi, wote wawili yawapasa wajue biashara hii inavyokwenda.

Poka si kama bahati nasibu, wala si kama kubashiri matokeo ya mpira. Katika michezo hiyo mtu hucheza dhidi ya mwenye duka. Katika poka wachezaji huchukuliana fedha wao kwa wao, na mwenye nyumba hukata fungu lake katika kila kitita kinachokusanyika katikati ya meza. Katika namna inayochezwa zaidi, kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mbele ya wote, kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja. Kila hatua watu huweka dau, au huongeza, au hujitoa. Mwenye karata bora hushinda. Lakini pia hushinda yule ambaye wenzake wote wamejitoa kwa kumhofu, ijapokuwa mkononi hana kitu.

Tupige hesabu ndogo ya mfano. Watu sita wameketi, kila mmoja na dola 100. Mezani zipo dola 600 wala hazitoki nyingine popote. Tuseme kwenye kompyuta hugawiwa mikono 70 kwa saa, na mwenye nyumba hukata wastani wa nusu dola katika kila mkono. Kila saa dola 35 zimeondoka. Baada ya saa 10 zimeondoka dola 350, na zilizobaki hazitoshi hata kuwarudishia watu watatu mia zao. Kwa hiyo watu sita wenye ujuzi sawa, wakicheza kwa muda mrefu, wote watashindwa. Ili mmoja apate riziki hapo, haitoshi awe hodari. Ni lazima wawepo wengine walio dhaifu sana, kiasi cha kulipia faida yake na ushuru wa nyumba pia. Hapa ndipo ulipo mzizi wa shauri la kuchagua meza.

Tazama basi jinsi achaguavyo. Kabla ya kuketi, mchezaji huonyeshwa orodha ya meza zilizo wazi. Katika nyumba nyingi za mtandaoni orodha hiyo imekuwa ikieleza wastani wa kitita, mikono inayogawiwa kwa saa, watu wangapi wanangojea nafasi, na katika kila mia ni wangapi wanaolipa ili wazione zile karata tatu za kwanza. Mgeni huipita orodha hii kama mtu apitavyo tangazo la ukutani. Mjuzi huisoma kama nahodha asomavyo mawingu. Meza ambayo watu wengi hulipa kuziona karata tatu ni meza ya watu wasiojua kujitoa, na mtu asiyejua kujitoa ndiye alishaye wenziwe. Vitita vikubwa vikifuatana na wingi huo wa watu, mjuzi huandikisha jina lake angojee nafasi. Meza ambayo watu hujitoa mapema, wakangojea karata nzuri kwa subira, yeye huipita haraka. Hapo wameketi watu wa aina yake.

Wala hategemei orodha peke yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 zimekuwapo programu, mashuhuri miongoni mwazo ikiwa PokerTracker, zinazoweka kumbukumbu ya kila mkono mtu anaocheza na kila mpinzani anayekutana naye. Mchezaji aliyecheza naye mwezi uliopita na akamsahau, mashine haikumsahau. Jina lake likitokea mezani, mjuzi huona papo hapo ni mara ngapi huyu huingia bila karata nzuri, na ni mara ngapi hukimbia akitishwa. Kijana wa kwetu aliyeingia kwa jina la kubuni akidhani yumo gizani, kumbe mwenziwe ameshika taa.

Sasa tuje kwenye kiti, jambo ambalo wasiocheza hulidhania ni dogo. Zamu katika poka huzunguka kwa kufuata mkono wa saa, kutoka mtu hadi aliye kushotoni kwake. Anayetenda baada ya mwenziwe amekwisha kuona mwenziwe alilolifanya, na kuona huko ni mali. Ile alama ya mgawaji, inayoamua nani atende mwisho, husogea kiti kimoja kila mkono, na kwa juujuu mtu atasema haki imetendeka, kila mmoja atapata zamu yake. Lakini hesabu yataka kutazamwa baina ya jirani na jirani. Katika meza ya watu sita, baada ya zile karata tatu kufunuliwa, jirani aliye kuliani kwako hutenda kabla yako mara tano katika kila mikono sita. Mara moja tu mambo hugeuka. Kwa hiyo mjuzi humtafutia nafasi mtu mzembe mwenye fedha nyingi, huyo awe kuliani kwake; na mtu mkali anayepandisha dau kila mara, naye pia apatikane upande huo huo, ili vishindo vyake vionekane kabla ya kufika. Kushotoni hupendelea waoga na wabahili, watu wa kujitoa, wasiomsumbua. Fedha za meza, kama zamu zake, huelekea kushoto.

Desturi hii ilifika mbali. Watu walitunga programu za kunyakua viti: kompyuta huzichunguza meza zote, na mara samaki anapoketi, ndani ya sekunde chache kile kiti cha kushotoni kwake kimekwisha kuchukuliwa. Wengine walikaa peke yao katika meza tupu saa nzima, wakikataa kucheza na kila hodari aliyekuja, wakimngojea asiyejua. Na ishara iliyo wazi kupita zote ni hii: mtu dhaifu akiondoka, meza huvunjika. Watano waliobaki, ambao dakika moja iliyopita walikuwa wakicheza kwa bidii, huinuka wote. Yule aliyeondoka hajui kwamba yeye ndiye aliyekuwa meza.

Watetezi wa mchezo husema hapana ubaya, kila mfanyabiashara huchagua soko. Hoja hiyo tumeisikia na hatuidharau. Barazani kwetu pia mcheza dhumna hodari humchagua mwenza na humkwepa mpinzani. Lakini mfanyabiashara sokoni huonyesha bidhaa na bei yake, na mnunuzi ajua kwamba yeye ni mnunuzi. Katika meza tunazozisema mnunuzi ameambiwa kwamba ni mchezaji, sawa na wenzake. Mwaka 2003 karani wa hesabu wa Marekani, Chris Moneymaker, aliyeanza kwa kiingilio kisichofika dola 100 katika shindano la mtandaoni, alishinda mashindano makuu ya dunia mjini Las Vegas na kuchukua dola milioni 2.5. Sura yake ilitembezwa dunia nzima, na watu wasiohesabika wakaingia mezani kwa kuiona. Katika mashindano yale walikuwamo wachezaji 839.

Kampuni zenyewe ziliona hatari, si kwa huruma bali kwa hesabu: samaki wakiliwa upesi, bahari hukauka. Baadhi yao zilianza kuficha majina ya wachezaji. Mwezi Juni 2019 kampuni ya partypoker ilipiga marufuku programu za kumsomea mpinzani, ikawataka wachezaji wabadili majina ili kumbukumbu za zamani zisifae kitu. Nyingine zilikwenda hatua zaidi, zikamnyima mchezaji uwezo wa kuchagua kiti. Mtu husema tu anataka dau la kiasi gani, na mtambo humkalisha ulipopenda. Hatua hizi ni njema. Lakini zaonyesha pia ya kwamba jambo tulilolieleza halikuwa uzushi wa wenye kulalamika.

Tena limeongezeka jingine. Mwezi Julai 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon pamoja na kampuni ya Facebook walitangaza programu iitwayo Pluribus, iliyowashinda wataalamu wa poka katika meza ya watu sita. Kampuni hupiga marufuku mashine mezani, na huzisaka. Hata hivyo anayeketi leo hana njia ya kuthibitisha kwa macho yake kwamba aliye kushotoni kwake ana damu.

Na sasa tuwageukie wakuu wa Serikali, kwani historia ya meza hizi ni historia ya visiwa. Antigua ilizikaribisha kampuni za kamari mapema, na ilipozuiwa soko la Marekani ilipeleka mashtaka yake mwaka 2003 katika Shirika la Biashara la Dunia, ikashinda. Malta, Curaçao, Kisiwa cha Man na Alderney vyote vilifungua milango. Sababu yake yaeleweka na kila mtu wa kisiwani: ardhi ni finyu, viwanda ni vichache, vijana huhama, na leseni ni kama samaki aliyeruka mwenyewe akaingia chomboni.

Lakini tuvilinganishe viwili kati ya hivyo. Alderney, kisiwa cha watu wapatao 2,000 karibu na pwani ya Ufaransa, kiliipa leseni kampuni ya Full Tilt Poker. Kisiwa cha Man, katikati ya Uingereza na Ayalandi, kilikuwa makao ya PokerStars. Tarehe 15 Aprili 2011 Serikali ya Marekani ilizifungulia mashtaka kampuni hizo mbili pamoja na nyingine. PokerStars, ambayo ilikuwa imeziweka fedha za wachezaji mbali na fedha zake yenyewe, iliwarudishia Wamarekani akiba zao katika muda wa wiki chache. Full Tilt haikuweza. Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kwamba ilidaiwa na wachezaji wa dunia nzima dola milioni 390 hivi, na benki ilikuwa na milioni 60 tu. Wakadai kwamba wakurugenzi na wamiliki walikuwa wamegawiwa zaidi ya dola milioni 400 katika miaka iliyotangulia. Alderney ilisimamisha leseni mwezi Juni na kuifuta mwezi Septemba 2011, wakati fedha zilikwisha kwenda. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014, na walilipwa kwa kuwa PokerStars ilikubali mwaka 2012 kutoa dola milioni 731 katika mapatano yaliyoipa mali za Full Tilt.

Hao waliochagua meza kwa makini, waliosoma orodha na kupima viti, walipoteza sawasawa na samaki. Meza nzima ilikuwa imewekwa juu ya kabati tupu, na kazi ya kulifungua kabati hilo ilikuwa ya mtoa leseni, si ya mchezaji.

Kwa hiyo, ikiwa ombi la namna hii litafika mezani pa wakuu wetu, sisi twaona jawabu la kwanza liwe hapana. Mapato ya leseni yatahesabiwa katika bajeti ya Serikali, lakini hasara itahesabiwa majumbani, ambako hakuna mkaguzi. Ikiwa hata hivyo wakuu wataona vingine, basi wasitie sahihi kabla ya kutimizwa haya: viti vigawiwe kwa kura na mchezaji asichague, programu za kuwasomea wengine zisiruhusiwe, kila mchezaji aonyeshwe, kila saa, ni kiasi gani mwenye nyumba amekata katika meza yake na yeye mwenyewe amepoteza kiasi gani tangu afungue hesabu, na mtu akiomba afungiwe, afungiwe siku hiyo hiyo, wala asiandikiwe barua za kumbembeleza arudi.

Fedha za wachezaji nazo ziwekwe mbali, chini ya mdhamini asiye mtu wa kampuni, na zikaguliwe kila mwezi. Ushahidi wa ziko benki gani, kiasi gani, na kwa jina la nani, uletwe kwa barua ya benki yenyewe, si kwa barua ya mwombaji.