Ufunguo wa Akaunti Yako Uko kwa Nani?

Ingia saiba yoyote ya Dandora, Phase 1 hadi Phase 5, utasikia mtu akisema: "Niingizie eCitizen, nataka cheti cha tabia njema." Jamaa wa saiba anaandika mbio, mteja hata haangalii skrini.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Jamaa alinifungulia Gmail kwa namba yake ya simu, eti yangu ilikuwa inachelewesha meseji. Baadaye nikasahau nenosiri. Namba ya kuthibitisha ikawa inaenda kwa simu yake, na yeye alishahama mtaa. Haikupotea barua pepe peke yake. Kila mahali nilipokuwa nimebonyeza "Ingia kwa Google", pamoja na tovuti ya kutafuta kazi, nilifungiwa nje.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tusiguse hicho kitufe. Ukikibonyeza, tovuti haioni nenosiri lako. Inakupeleka kwa Google, Google inahakikisha ni wewe, kisha inaipa tovuti jibu, jina lako na barua pepe. Ni afadhali kuliko kurudia jina la mtoto kama nenosiri kwa tovuti kumi. Serikali nayo imefuata njia hiyo: huduma za NTSA unaziingia kwa akaunti ya eCitizen. Ubaya wake tuliuona Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi, huduma nyingi zikakwama kwa pamoja.

Kwa hivyo angalia ufunguo uko kwa nani. Namba ya kurejesha akaunti iwe laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Ukiwa saiba, andika nenosiri mwenyewe, foleni inung'unike ikitaka. Ukimaliza, toka kwenye akaunti ya Google yenyewe. Kutoka kwa ile tovuti tu hakutoshi, atakayekalia kiti baada yako ataingia bila kuulizwa kitu. Na usome anwani iliyo juu kabla ya kuandika: accounts.google.com. Ukurasa wa kuingia ukikuuliza PIN ya pesa za simu, funga hapo hapo. Google haina kazi nayo.

Kama akaunti yako ilifunguliwa na mtu wa saiba, ingia leo ubadilishe namba, wakati bado unakumbuka nenosiri.