DADA YANGU, NANI AMESHIKA HIYO SINDANO?



Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, siku hizi naulizwa sana, hasa na mabinti wanaokaribia kuolewa: "Sheikh, kuchomwa sindano ndogo usoni ili ngozi iwe laini, ni halali au haramu?"

Wenye kazi hiyo wanaiita maikronidlingi. Ni rola ndogo au kalamu ya umeme yenye sindano fupi sana. Inatoboa vitundu vingi usoni, kisha ngozi inapojitibu inatengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Makovu hupungua polepole, kwa kurudia mara kadhaa.

Mimi nasema: kabla hujadai jibu la neno moja, jibu kwanza maswali matatu.

*1. UNACHOMWA KWA SABABU GANI?*

Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alipoteza pua vitani. Akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wanazuoni wamechukua hapo kwamba kuondoa aibu iliyosababishwa na jeraha au maradhi ni tiba. Basi mwenye makovu ya chunusi au ya kuungua moto ana mlango. Hata Marekani, kifaa cha kwanza cha aina hii kilichoruhusiwa na mamlaka yao ya dawa, mwaka 2018, kiliruhusiwa kwa makovu ya chunusi.

Lakini anayetaka kugeuza weusi aliopewa na Mola wake ajiulize mara mbili. Weusi si maradhi, na hauhitaji tiba. Sura An-Nisaa, aya ya 119, inatuonya kwamba kubadilisha umbile la Allah ni katika mambo aliyoahidi shetani kuwaamrisha watu.

*2. NANI AMESHIKA SINDANO?*

Hapa ndipo watu wetu wanapoangamia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengine, kwamba anayejifanya tabibu na hajulikani kwa utabibu, basi anabeba dhamana ya madhara. Msusi anayejua kusuka anajua kusuka. Akishika sindano ya kutoboa ngozi ameingia katika utabibu, na hukumu ya tabibu inamhusu. Kusema "mteja mwenyewe alikubali" hakumwondolei dhamana, na ile pesa aliyopokea ataulizwa.

Sindano iliyomgusa mtu damu haiguswi na mwingine. Kuiosha kwa spiriti na kumwita mteja wa pili ni kucheza na virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Msidhani natisha. Mwaka 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa taarifa ya saluni moja isiyo na leseni katika jimbo la New Mexico, ambako wanawake walipata virusi vya UKIMWI baada ya kuchomwa sindano usoni na kupakwa damu. Kama Marekani imetokea, je, kwenye kibanda kisicho na hata maji ya bomba?

Pia ngozi zetu nyeusi zina tabia yake: zikijeruhiwa ovyo huacha madoa meusi zaidi, na wengine huota makovu ya kuvimba. Mwenye historia ya makovu hayo, au mwenye chunusi zenye usaha, asichomwe kabla daktari hajamwona.

*3. UNAPAKWA NINI JUU YAKE?*

Ngozi ni ukuta. Ukishautoboa, unachopaka kinaingia ndani kuliko siku zote. Sasa mtu anatobolewa, halafu anapakwa mkorogo! Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Zebaki huharibu figo. Sisi watu wa Songwe tuko mpakani: Tunduma tunapakana na Zambia, huku kwetu Ileje tunapakana na Malawi. Kopo lisilo na maelezo halisafishwi na kuvuka mpaka. Na wewe muuzaji Muislamu, usiseme "nauza tu". Faida itokayo kwenye madhara ya watu haina baraka.

*BAADA YA KUCHOMWA*

Uso ni jeraha kwa siku kadhaa. Usiushike kwa mikono michafu, usipake vipodozi wala krimu kali za kuchubua. Jikinge na jua: mtandio, kivuli, na krimu ya kukinga jua pale mtaalamu atakaporuhusu. Ukiona usaha, uvimbe unaoongezeka au homa, nenda kituo cha afya, usirudi saluni.

Na swala isiachwe! Muulize mtaalamu lini maji yanaruhusiwa. Nenda ukiwa na udhu, na mhudumu awe mwanamke. Katika madhehebu ya Imamu Shafi damu itokayo usoni haivunji udhu, ila isafishwe kabla ya kuswali.

Najua mtasema: "Sheikh, wataalamu wako mbali, na gharama ni kubwa." Ni kweli. Kutoka Mbebe hadi hospitali ya rufaa Mbeya ni nauli na siku nzima. Lakini kovu la chunusi haliui. Usipoweza njia ya salama, kuacha ndiyo salama, wala hakuna atakayeulizwa Siku ya Kiyama kwa nini hakutoboa uso wake.

Neno la mwisho ni kwetu wanaume. Tunawasifia weupe mbele ya wake zetu, tunawatania mabinti zetu kwa weusi wao, kisha tunashangaa wakijichubua. Ulimi wetu ni sindano ya kwanza. Tuuzuie.

Allah atuhifadhie afya zetu na atupe kuridhika na umbile alilotupa. Aamiin.

Wallaahu a'lam.

Mfikishie dada yako ujumbe huu kabla hajalipa kianzio.