Kijana, Jina la Babu Yako ni Nani?

Juzi hapa Bukavu tuliwaambia wanafunzi wetu waandike jina la baba, la babu, na la baba wa babu. La baba waliandika wote. La babu, wengine walitafuna kalamu. La baba wa babu, karatasi karibu zote zilibaki nyeupe.

Hatukuwalaumu. Kwa Waingereza jina moja hushuka toka baba hata mwana: mhunzi wa kale aliitwa Smith, na wajukuu huitwa Smith hata wakiwa walimu. Tena mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Kwa vitabu hivyo wengi wameweza kuwafuata wazee wao miaka 400 na zaidi. Lakini wahunzi walikuwa wengi. Si kila Smith ni ndugu wa Smith.

Kwetu Bushi desturi ni nyingine. Ndugu watano wa baba mmoja waweza kuwa na majina matano mbalimbali. Binti ndiye hutajwa kwa jina la baba: M'Cirhuza, maana yake binti wa Cirhuza. Lakini ngazi hukatika hapo, kwani watoto wake hawamtaji tena babu huyo.

Kisha mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikaamuru watu waache majina ya Kikristo. Basi mzee aweza kuwa Yosefu katika kitabu cha ubatizo, na katika karatasi za serikali awe na jina jingine. Mjukuu asiyeambiwa hudhani ni watu wawili.

Hasara yake si ndogo. Vijana wa ukoo mmoja hukutana mjini na kupendana, na udugu hujulikana posa imekwisha kupelekwa. Shamba la babu hugombaniwa, wala hapana awezaye kusema nani ni mwana wa nani.

Enyi wazazi, twaeni daftari Jumapili hii. Andikeni majina yote ya kila mzee: la kuzaliwa, la ubatizo, la serikali, na mlima alikozaliwa, na mke wake ni binti wa nani. Kisha nendeni kwenye parokia alikobatizwa, kwani kitabu cha ubatizo hutaja wazazi, na ndoa pia huandikwa humo.

Lakini waulizeni kwanza wazee wenyewe. Kitabu chaweza kungoja, mzee hangoji.