Ujira wa Kibarua na Baraka ya Mali

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyeifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, kila ufikapo msimu wa kuvuna ufuta, husikika malalamiko mawili katika baraza za misikiti yetu hapa Kisaki. Mwenye shamba hulalamika kwamba vibarua wa siku hizi hawana bidii. Akiwapa kisogo tu, kazi husimama. Kibarua naye hulalamika kwamba ujira wake hucheleweshwa mpaka mazao yauzwe, kisha hupunguzwa kwa visingizio. Wawili hawa husimama safu moja katika swala, na kila mmoja ana haki ya mwenzake shingoni. Tumeona ni wajibu kulizungumza jambo hili, kwani umasikini wa vijiji vyetu hautokani na uhaba wa mitaji na ubovu wa barabara peke yake. Sehemu yake yatokana na kupotea kwa uaminifu baina ya anayeajiri na anayeajiriwa.

Ufuta wenyewe ni shahidi. Zao hili halimsubiri mtu. Likikawia shambani, maganda yake hupasuka na punje humwagika. Mvunaji akikata kwa pupa na kuitikisa miganda, sehemu ya mavuno hubaki mchangani na hakuna awezaye kuiokota. Tena hakuna mwenye shamba awezaye kuusimamia kila mkono. Kazi ya namna hii hulindwa na moyo wa mfanyakazi, na moyo huo haununuliwi kwa matusi wala kwa ahadi zisizotimizwa.

Historia ya milima yetu yatufundisha hayo hayo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na wananchi wakalazimishwa kuchonga matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kusudio la kuuhifadhi udongo halikuwa baya. Lakini kazi ilikuwa nzito, ilifanywa kwa amri na kwa kuogopa adhabu, na mkulima hakuiona faida yake ghalani. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, katika njia hii hii itokayo Morogoro kuja Kisaki, kuupinga mpango huo. Ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo ulazima wa kuchonga matuta uliachwa.

Ilhali kule Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, wakulima walichonga matuta ya ngazi na kuyatunza, kwa kuwa waliyamwagilia maji na kupanda mboga zilizopata soko Morogoro na Dar es Salaam. Jembe lilikuwa lile lile na watu ni wale wale Waluguru. Tofauti ilikuwa kwamba mkulima wa Mgeta aliliona jasho lake likimrudia nyumbani. Basi anayedai kwamba watu wetu ni wavivu kwa maumbile na ajiulize kwanza: jasho la kibarua wangu humrudia nani?

Uislamu ulikwisha kulibainisha jambo hili. Katika Sura ya Al-Qasas tunasimuliwa kwamba binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s.), akataja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Wengi wetu huishia hapo, tukamtaka kibarua awe na nguvu na awe mwaminifu. Tuendelee kusoma. Mzee yule naye alitaja muda wa kazi, miaka minane, na kumi kama Musa angependa mwenyewe, alitaja malipo, na akaahidi kutomtaabisha. Mkataba ulikamilika kabla kazi haijaanza, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, ameamrisha mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Ndugu yangu, ni wakili gani utakayemweka katika kesi ambayo mdai wako ni Mola wako? Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri alipe siku iliyokubaliwa.

Tena tusidhani kwamba onyo la Sura ya Al-Mutaffifin linawahusu wenye mizani na magunia ya lumbesa peke yao. Mwenye shamba apimaye ngwe kwa hatua ndefu wakati wa kugawa kazi, kisha akazihesabu ngwe hizo kwa ubahili wakati wa kulipa, naye anapunja. Kibarua aingiaye shambani jua limepanda, akapalilia pembezoni mwa njia panapoonekana na kuacha magugu katikati, naye anapunja. Na mpunjaji, awe tajiri au masikini, anakula kisicho halali yake.

Iko hadithi mashuhuri katika Bukhari na Muslim, ya watu watatu waliozibiwa na jabali pangoni. Mmoja wao aliomba kwa amali hii: kibarua wake aliondoka bila kuchukua ujira wake, yeye akauzalisha, ukawa mali na mifugo, na mwenyewe aliporudi baada ya muda kudai haki yake, alikabidhiwa yote. Hapa pana somo kubwa kwa wenye biashara ndogo. Yule mwajiri aliyeuogopa ujira wa mwenzake ndiye yule yule aliyejua kuikuza mali. Uchamungu na ustadi wa biashara vilikaa katika kifua kimoja.

Nalo suala la mtaji linafuata njia hiyo hiyo. Kijana mwenye nguvu na uaminifu lakini hana kitu, asiachwe aangukie mikopo ya riba ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Mtume wetu (s.a.w.) alifanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija (r.a.) kabla ya utume, na mafakihi wameieleza mudharaba kwa uwazi: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa fungu walilokubaliana, na hasara ikitokea bila uzembe humwangukia mwenye mali, mwenzake akiwa amepoteza jasho lake. Anayempa kijana pikipiki kwa hesabu ya kila siku na ajue kuwa huo ni ukodishaji, na matengenezo makubwa ya chombo ni juu ya mwenye chombo. Kuchukua hesabu kamili na bado kumbebesha kijana gharama zote ni dhuluma.

Aidha, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi vya misikiti yetu vijipange kuiomba, na vikiipata virejeshe, kwani deni la umma nalo ni deni.

Kwa hiyo tunawausia Waislamu mambo haya. Kabla ya kazi, kitajwe kipimo chake, ujira wake na siku ya malipo. Ngwe ipimwe kwa kamba moja, mbele ya wote wawili. Mapatano ya malipo ya baadaye yaandikwe mbele ya mashahidi, kama tulivyofundishwa katika Aya ya deni ndani ya Sura ya Al-Baqara. Asiye na fedha ya kulipa vibarua na alime eneo dogo aliwezalo. Kibarua aifanye kazi kama anayetazamwa, kwani kweli anatazamwa. Na maimamu waweke daftari la mapatano msikitini, wasuluhishe kabla ugomvi haujafika mahakamani.

Yule ambaye tangu msimu uliopita anadaiwa ujira na ndugu yake asingoje khutba nyingine. Amwendee leo, amlipe, na amtake radhi.

Wa billahi tawfiq.