Karata za mtandaoni: Mchezaji wa Lokichoggio ajue ni mashindano gani anayoingia

LOKICHOGGIO si mji wa kasino. Tangu mwaka wa 1989, ilipofanywa kituo kikuu cha kusafirishia misaada ya Operation Lifeline Sudan, mji huu wa mpakani ulijulikana kwa ndege, maghala na mahema ya wafanyakazi wa mashirika. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa sahihi mwaka wa 2005, mashirika mengi yalihamia Juba na kazi zikaenda nayo. Vijana waliobaki wana simu, na tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007 simu hiyo ni mkoba wa pesa pia. Kamari haikuhitaji kujengewa jumba huko. Ilifika kupitia mnara wa simu.

Iliyotangulia ilikuwa kamari ya kubashiri matokeo ya soka, ambayo SportPesa iliipa umaarufu nchini kuanzia mwaka wa 2014. Kisha ikaja michezo ya kasino ya mtandaoni, hasa ule wa ndege inayopaa wa Aviator. Mashindano ya karata za poka yako kwenye simu hiyo hiyo, na yana sifa ambayo mengine hayana: hunadiwa kuwa mchezo wa akili, si wa bahati.

Dai hilo lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowanasa wengi. Katika Aviator, mchezaji hushindana na kampuni, na hesabu ya mchezo imepangwa ili kampuni ibaki na faida baada ya muda. Katika poka, wachezaji hushindana wao kwa wao. Kampuni haijali nani anashinda kwa sababu imeshachukua ada yake kabla ya karata ya kwanza kugawanywa. Hivyo ni kweli kwamba mchezaji hodari anaweza kupata faida. Lakini faida hiyo haitoki kwa kampuni. Inatoka mfukoni mwa mchezaji dhaifu aliye meza moja naye, naye mchezaji mgeni wa Kakuma au Lodwar, anayejifunza kwa pesa zake, ndiye huyo dhaifu.

Ili kuelewa pesa zinavyokwenda, ni vyema kuanza na mashindano mepesi zaidi, yale ya meza moja yanayoanza mara tu viti vinapojaa. Tuseme ni viti tisa, kila mmoja analipa Sh100 za kiingilio na Sh10 za ada. Hazina ya zawadi ni Sh900. Mgawanyo uliozoeleka ni nusu kwa mshindi, asilimia 30 kwa wa pili na asilimia 20 kwa wa tatu, yaani Sh450, Sh270 na Sh180. Sita wanaondoka mikono mitupu.

Sasa watu hao tisa warudie mchezo huo mara kumi, na tuseme uwezo wao ni sawa. Wametoa Sh9,900 kwa jumla na kurudishiwa Sh9,000. Kila mmoja, kwa wastani, amepoteza Sh100 bila kufanya kosa lolote. Ili tu asipate hasara, mchezaji lazima awe bora kuliko wenzake kwa kiasi kinachofidia ada. Hilo ndilo jambo ambalo matangazo hayalisemi.

Aina ya pili ni mashindano ya meza nyingi, ambapo mamia au maelfu ya watu huanza kwa wakati mmoja na meza huunganishwa kadiri wanavyotolewa. Kila mtu hupewa idadi sawa ya chipu, ambazo si pesa bali vipande vya kuhesabia, na anayeishiwa hutoka. Dau la lazima hupandishwa kila baada ya dakika kadhaa ili mchezo usikae milele. Kwa kawaida ni mtu mmoja kati ya saba au kumi anayelipwa chochote, na wengi kati ya hao hupata kiasi kinachozidi kiingilio kidogo tu. Pesa nene ziko kwenye nafasi chache za juu. Ndiyo sababu mtu hodari anaweza kucheza wiki nyingi bila kuona faida, na mtu asiyejua lolote anaweza kushinda siku moja na kudhani amepata kazi.

Ndani ya mashindano ya meza nyingi kuna tofauti ambayo mchezaji mwenye pesa kidogo hana budi kuichunguza kabla ya kubonyeza. Yapo yale ambayo ukiishiwa chipu safari yako imekwisha. Yapo mengine ambayo ukiishiwa unaruhusiwa kununua tena, mara moja au mara kadhaa, katika saa ya kwanza au ya pili. Kwenye orodha yote mawili yataandikwa kiingilio cha Sh100, na machoni mwa mgeni yanafanana. Lakini katika haya ya pili, aliyeanguka mara tatu na kununua tena kila mara ameshatoa Sh400, na pengine ada juu yake. Wenye mifuko mizito hucheza kwa pupa mapema kwa sababu wanajua wana pesa za kurudia. Aliyekuja na Sh100 pekee anakaa nao akiwa na risasi moja.

Halafu kuna mashindano ya mchujo, ambayo zawadi yake si pesa bali tiketi ya kuingia mashindano makubwa zaidi. Hapa ndipo ndoto nyingi zilipozaliwa. Mwaka wa 2003, mhasibu Mmarekani aitwaye Chris Moneymaker alilipa dola 86 katika mchujo wa mtandaoni wa PokerStars, akapata tiketi ya dola 10,000 ya mashindano ya dunia mjini Las Vegas, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Kisa hicho ni cha kweli, na kampuni za karata zimekirudia tangu wakati huo. Wale 838 walioshindwa, na maelfu walioangukia kwenye michujo ya awali, hawakutengenezewa tangazo.

Mashindano ya kasi, ambapo dau la lazima hupanda kila dakika chache, humfaa mwenye haraka na humpunguzia nguvu mwenye ujuzi, kwa maana hakuna nafasi ya kusubiri karata nzuri. Yanayokaribia bahati nasibu zaidi ni ya watu watatu, ambapo mashine huchagua ukubwa wa zawadi kabla ya mchezo kuanza. Zawadi kubwa huonyeshwa kwa mwangaza na muziki, lakini mara nyingi mno inayotoka ni ile ya chini kabisa, maradufu ya kiingilio cha mtu mmoja, ilhali waliolipa ni watatu. Kuna pia yale ya zawadi ya kichwa, ambapo sehemu ya kiingilio hulipwa anayemtoa mwenzake mchezoni. Na yapo yasiyo na kiingilio kabisa. Haya hayamgharimu mchezaji ila muda na bando, na kwa anayetaka tu kujua mchezo ulivyo ndiyo pekee yenye maana. Kampuni huyaweka kwa lengo lake, nalo ni kumfanya afungue akaunti.

Suala la usalama wa pesa zenyewe si dogo. Aprili 15, 2011, serikali ya Marekani ilifunga tovuti za PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker katika soko lake. Ilipokuja kubainika, Full Tilt haikuwa na pesa za kuwalipa wateja wake wote, na waendesha mashtaka wakaifananisha na upatu wa ulaghai. Ilibidi PokerStars iinunue mwaka wa 2012 ndipo wateja waanze kufidiwa. Miaka michache kabla ya hapo, ilifichuka kwamba watu wa ndani katika Absolute Poker na UltimateBet walikuwa wakiziona karata za wapinzani wao. Ikiwa hayo yaliwapata wateja wenye mawakili na magavana wa kuwasikiliza, mchezaji wa Lokichoggio aliyejisajili kwenye tovuti ya kigeni isiyo na leseni ya Kenya atamlilia nani?

Nchini Kenya, sheria iliyosimamia kamari kwa karibu miaka 60 ilitungwa mwaka wa 1966, enzi ambapo kamari ilikuwa na mlango na bawabu. Serikali ilijaribu kuziba mapengo yake kwa amri na kodi. Mwaka wa 2018 mashine za kamari zilizotapakaa madukani vijijini zilinaswa na kuteketezwa. Julai 2019, leseni za kampuni 27 zilikataliwa na namba zao za malipo kufungwa. Aprili 2025, matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30. Hatimaye, Agosti 2025, Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, inayounda mamlaka mpya ya usimamizi, kuwazuia walio chini ya miaka 18 na kuweka Sh20 kuwa dau la chini zaidi mtandaoni.

Kiwango hicho cha Sh20 kimekusudiwa kuwakinga maskini, na kwenye kamari ya soka huenda kikasaidia. Kwenye mashindano ya karata kina uzito mdogo, kwa kuwa tatizo huko si udogo wa dau bali wingi wa mara ambazo mtu anaruhusiwa kulirudia.

Kodi nayo inabadilisha hesabu. Kuanzia Julai 2025, ushuru hutozwa pesa zinapoingia kwenye akaunti ya kamari, asilimia 5, na asilimia 5 nyingine hukatwa zinapotolewa. Kwa kampuni yenye leseni, mtu akiweka Sh1,000 zinabaki Sh950, na akibadili nia na kuzitoa bila kucheza hata karata moja anapata Sh902.50. Mchezaji wa mashindano aliyekuwa akipigana na ada ya asilimia 10 sasa ana wawili wa kuwashinda kabla ya kumfikia mpinzani.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliziachia kaunti sehemu ya mamlaka juu ya kamari. Serikali ya Kaunti ya Turkana, ikiwa Lodwar, inaweza kumkatalia mtu leseni ya kuweka mashine dukani. Haiwezi kuikatalia simu. Na hatari si ya kinadharia katika eneo ambalo kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka wa 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei, yana wakimbizi wanaokaribia 300,000. Huko msaada wa chakula kwa miaka kadhaa umepitia kwa sehemu kwenye simu, na mwaka wa 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao kwa kukosa fedha. Mgao unapopungua, ahadi ya kugeuza Sh100 kuwa Sh450 husikika tofauti na inavyosikika Nairobi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanaoandika kuhusu karata wakiwa Ulaya hawana sababu ya kulifikiria. Mashindano ya meza nyingi huchukua saa tatu, nne, hata nane. Kwenye barabara ya kutoka Lodwar hadi Kakuma, na kutoka Kakuma hadi Lokichoggio, mawimbi ya simu hayatabiriki, na betri haijazwi popote mtu anapotaka. Mtandao ukikatika, mchezo hausimami. Mashine humhesabu mchezaji kuwa yuko mezani, hutupa karata zake kila zamu ikimfikia, na huendelea kumtoza dau la lazima kutoka kwenye chipu zake, raundi baada ya raundi, hadi ziishe. Kwenye mashindano ya kasi hilo huchukua dakika chache tu. Kiingilio hakirudishwi, na mtandao ukirejea anakuta ujumbe wenye namba ya nafasi aliyomalizia.