Kisima Huanzia Juu Mtini



Ndugu msomaji, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, Abrahamu anamlalamikia mfalme Abimeleki kwamba watumishi wake wamemnyang'anya kisima. Wanapatana, wanaapa, kisha Abrahamu anafanya jambo ambalo wengi tunalipita haraka: anapanda mti palepale Beer-Sheba.

Somo hili wangelielewa upesi watu wa Ndagoni, kisiwani Mafia, jirani na Ras Kisimani. Jina lenyewe linataja kisima. Kisiwani, maji baridi hukaa chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mvua isipoingia ardhini vya kutosha, au tukichota kupita kiasi, chumvi hupanda hadi ndooni.

Nani huiingiza? Msituni, majani ya juu ndiyo hupokea mvua kwanza. Sehemu hubaki hapo na kurudi hewani kama mvuke. Mti nao hutoza zaka yake, tusifiche. Maji mengine hudondoka polepole au huteremka kwenye shina, yakalowesha majani makavu chini, kisha yakafuata njia za mizizi. Penye ardhi tupu, matone huupiga udongo hadi ukajifunga, na maji yakakimbilia baharini pamoja na udongo wetu, yakayachafua matumbawe.

Mafia hupata mvua nyingi. Basi tunapoomba mvua katika Misa, tuulize pia tunaifanyia nini ile tuliyokwisha kupewa. Misitu ya kisiwa hicho ilipisha mashamba ya minazi, kisha magogo yakaingia kwenye tanuri za kuchomea matumbawe kupata chokaa. Hasara mara mbili, nchi kavu na baharini.

Mwaka 2015, katika waraka wa Laudato Si', Papa Fransisko alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu. Kwa hiyo anayekata mti ulio karibu na kisima hagusi mali yake peke yake.

Parokia zetu hupenda kupanda miche siku ya sherehe: picha hupigwa, mbuzi hula. Mimi ningeanza na miti mikubwa iliyokwisha kusimama. Jumuiya Ndogo Ndogo zikutane wiki hii na wazee wa msikiti, kwani Abrahamu ni baba yetu sote, waizungukie miti iliyo karibu na visima vyao na kukubaliana ipi haitaguswa.